Mtaka cha Mvunguni



Nilipoombwa kuandika makala ya historia kwa ajili ya jarida letu, niliona habari za mabweni na mechi za kandanda niwaachie wanaozijua kuliko mimi. Nimechagua habari ya kitu ambacho wengi wetu tulioleleka Pwani tunacho majumbani pasipo kukijali, yaani makaratasi ya wazee yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Rika letu ndilo sasa linalozika wazazi na kugawana mirathi. Nyumba hugawanywa na minazi huhesabiwa mmoja mmoja, lakini sanduku la mvunguni aghalabu hukosa mrithi.

Wengi hudhani kwamba kila kilichoandikwa kwa herufi hizo ni dua au aya. Sivyo hata kidogo. Kabla ya kuja herufi za Kirumi, wazee wetu walikuwa wakiandika Kiswahili chao wenyewe kwa herufi za Kiarabu. Zipo hadi leo, katika nyaraka za Goa huko Bara Hindi, barua zilizotoka Kilwa mwaka 1711. Mwaka 1728 Bwana Mwengo wa Athumani alitunga huko Pate chuo cha Herekali, ambacho wengi hukiita Utenzi wa Tambuka. Angalieni neno hilo "chuo": zamani lilikuwa na maana ya kitabu, kabla hatujalifanya kuwa jina la mahali pa kusomea. Na si tendi tu zilizoandikwa. Ziliandikwa barua za biashara, madeni, wosia, dawa na hati za mashamba.

Sasa tujiulize, ni nini kilichoyahifadhi makaratasi hayo katika nchi yenye mchwa na unyevu kama hii? Jibu langu ni imani. Herufi za Msahafu zina heshima yake. Karatasi yenye herufi hizo haikanyagwi, wala haifungiwi karanga sokoni. Hata mzee asiyejua kusoma aliiweka mahali pa juu, au aliifunga katika kitambaa na kuitia sandukuni.

Lakini imani hiyo hiyo ndiyo iliyoyapoteza mengi. Karatasi ikichakaa, mwenye kumcha Mungu huogopa Jina lake lisije likakanyagwa, kwa hiyo huichoma moto, au huizika mahali safi, au huitosa baharini. Waliofanya hivyo walitimiza wajibu wao wa dini, wala hawastahili lawama. Tatizo ni kwamba karatasi zilizikwa kabla ya mtu kuzisoma.

Mbona hazikusomwa? Hapa ndipo inapoingia habari ya shule. Wadachi walifungua shule za serikali, ya kwanza ikiwa Tanga, na mwaka 1904 gazeti la Kiongozi lilianza kupigwa chapa katika shule hiyo ya Tanga kwa herufi za Kirumi. Tangu hapo elimu ikawa na milango miwili. Aliyesoma kwa mwalimu wa Kurani alizijua herufi, lakini alipofungua karatasi ya babu na kukuta si Kiarabu, aliiweka kando. Tena maandishi yenyewe ni magumu, kwa kuwa Kiarabu hakina herufi za sauti zetu zote: herufi ya "b" mzee aliweza kuitumia kwa "b", kwa "p" na hata kwa "mb". Naye aliyesoma shule kama yetu alikijua Kiswahili, pengine na historia, lakini herufi zilimshinda. Basi hazina ikabaki katikati ya wasomi wawili, kila mmoja akiwa na nusu ya ufunguo.

Mahali walipokaa wawili hao pamoja, mali ilipatikana. Huko Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikusanya tungo za Muyaka bin Haji, akaziandika kwa herufi za Kiarabu, naye mmisionari W. E. Taylor akazitunza pamoja na maelezo yake. Mmoja alikuwa Mwislamu na mwingine Mkristo. Pasipo kazi ya watu hao wawili, mengi ya Muyaka yangalikwisha kusahaulika.

Tuje kwetu Tanganyika. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, vita ambavyo Bushiri bin Salim alinyongwa kwa ajili yake huko Pangani mwezi wa Desemba 1889. Ukoo wa El-Buhriy ulikuwa wa wanavyuoni, na mwanawe, Sheikh Ali bin Hemedi, alikuwa kadhi. Utenzi huo ulipigwa chapa mwaka 1955 kwa kazi ya J. W. T. Allen. Bwana Allen huyo ndiye aliyekusanya miswada mingi ya Pwani kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikatolewa kitabu mwaka 1970. Sisi tulipofundishwa vita vile darasani, tulivisoma kama habari za wageni na mizinga yao, kumbe alikuwapo mwenyeji aliyeviandika kwa kalamu yake.

Wala si mambo ya vita na wanaume peke yao. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa wosia. Ulikuwa urithi wa mama kwa mwana mmoja. Ulipigwa chapa mwaka 1934, na leo husomwa vyuo vikuu.

Nakubali kwamba si kila kilichomo sandukuni kitafurahisha. Katika utumishi wangu nilipata kuona ukoo mmoja wa Pwani uliokuwa ukigombania shamba. Wengine walidai kwamba watoto wa bibi fulani hawana haki. Ikatolewa karatasi ya zamani, akatafutwa mwalimu wa madrasa aisome kwa sauti huku kijana wa sekondari akiandika. Ilisema kwamba bibi yule alikuwa mtumwa, kwamba bwana wake alimwacha huru kwa ajili ya Mungu, akampa minazi 12 na mipaka yake ikatajwa. Mzee mmoja alitaka ichomwe kwa kuwa ni aibu. Mjukuu wa bibi yule akakataa, akasema, "Hii ndiyo karatasi pekee duniani yenye jina lake." Ikahifadhiwa. Sijui hoja bora kuliko hiyo.

Basi, ndugu zangu, nawaomba mambo matatu. Kwanza, msichome wala kuzika karatasi kabla haijasomwa. Pili, mtafuteni mwalimu wa madrasa, mkae naye, yeye asome nanyi mwandike. Tatu, zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Hati zenyewe zaweza kubaki nyumbani, na nakala zikapelekwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam au Zanzibar, ama Taasisi ya Taaluma za Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, na waumini hawakupungukiwa na kitu.

Shule yetu ilitupa nusu moja ya ufunguo, nasi tunaishukuru. Nusu ya pili wanayo walimu wa madrasa ambao tuliwapita kila asubuhi tukiwahi kengele. Wengi wao ni wazee sasa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na afadhali tuiname wakati wa kutusomea wangali hai.