Kwaya Isiyomficha Mwimbaji: Uimbaji wa Pamoja kama Tiba ya Parkinson

Mwalimu mzuri wa kwaya huwafundisha waimbaji wake kuchanganya sauti: asisikike mmoja juu ya wenzake, teno isimeze alto, na anayepayuka atazamwe hadi ashuke. Kwa mgonjwa wa Parkinson fundisho hilo lina madhara. Kuimba kwa pamoja kunaweza kumtibu, lakini kwaya tuliyoizoea, ikichukuliwa ilivyo, huweza kuuficha udhaifu wake badala ya kuuondoa.

James Parkinson alipouelezea ugonjwa huu mwaka 1817 jijini London, kilichompa jina la kitabu chake ni kutetemeka, na hadi leo ndicho tunachokitazama kwanza. Sauti husahaulika. Seli zinazotengeneza dopamini zinapokufa ubongoni, mwili hutenda kidogo kuliko ulivyokusudia: hatua hufupika, mwandiko husinyaa, kifua hakijai, nyuzi za sauti hazifungi barabara. Tena mwenyewe hatambui. Mkewe akisema, "Baba, ongeza sauti, hatukusikii," hujibu kwamba anaongea kama siku zote, labda masikio yao ndiyo yamezeeka. Akisukumwa apaze, huona anafoka, kumbe ndiyo kwanza amefikia kiwango cha mazungumzo ya kawaida. Kilichoharibika, basi, si koo peke yake. Ni kipimo anachojipimia.

Levodopa, dawa ya ugonjwa huu, hulegeza viungo vizuri zaidi kuliko inavyorudisha sauti. Ndiyo maana tiba iliyobuniwa Marekani mwaka 1987, ikapewa jina la mgonjwa Lee Silverman, ilishikilia jambo moja tu, ukubwa wa sauti: siku 4 kwa wiki, wiki 4 mfululizo, mgonjwa na mtaalamu ana kwa ana. Inafaa, lakini inahitaji mtaalamu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba wengi wa wagonjwa waliopatikana hawakuwa wamewahi kutambuliwa kuwa na Parkinson. Penye upungufu wa kutambua ugonjwa wenyewe, mtaalamu wa tiba ya usemi yuko mbali zaidi. Kwaya ziko karibu. Huko Hai ni vigumu kukuta usharika usio nayo.

Ushahidi wenye uzito umetoka Melbourne, Australia, kwenye mradi wa ParkinSong ulioongozwa na Jeanette Tamplin. Wagonjwa walianza na mazoezi ya pumzi na ya kupaza sauti, wakaimba, kisha wakapewa nafasi ya kuzungumza. Baada ya miezi 3 sauti zao zilikuwa zimepanda kuliko za wagonjwa waliokusanyika kwa shughuli zisizo za kuimba, na waliokutana kila wiki waliwapita waliokutana kila mwezi. Matokeo hayo yananizuia kukubali maelezo yanayopendwa sana, kwamba kinachotibu ni furaha ya kuwa pamoja. Wale wengine nao walikuwa pamoja. Ni kweli kwamba washiriki hawakugawanywa kwa kura, na huenda wapenda nyimbo ndio waliojiunga na kundi la kuimba. Kasoro hiyo si ndogo. Hata hivyo, mpangilio wa matokeo unafanana na wa mazoezi ya misuli: anayerudia mara nyingi zaidi ndiye anayefaidi.

Kundi lina faida moja ambayo chumba cha mtaalamu hakina. Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 jinsi mtu anavyopandisha sauti bila kufikiri anapozungukwa na kelele, na mgonjwa wa Parkinson naye hupandisha, ingawa kwa kiwango cha chini. Ila ndani ya sauti thelathini, asiyetoa sauti hajulikani. Kwa hiyo kila mmoja apewe zamu ya kuanzisha, wengine waitikie, kama ilivyo desturi katika ngoma na kaswida. Ubeti ukishaimbwa, maneno yake yasemwe kwa sauti ileile, maana aliyepaza katika wimbo hurudi kunong'ona pindi anapoagiza chai.

Na saa ya mazoezi ifuate dawa. Kwaya zetu nyingi hukutana jioni. Mgonjwa aliyemeza kidonge mchana, nguvu yake ikaisha kabla hajafika, atakaa bila kutoa sauti hata kwa wimbo anaoujua tangu utotoni.