Paa la Mawe na Majina ya Walioyabeba



Kila mwanakwaya wa Kalama anajua jinsi mvua inavyotunyamazisha. Mwezi wa Novemba tukiwa katikati ya wimbo, matone ya kwanza yanapogonga mabati, sauti ya tatu hupotea, kisha ya pili, na mwishowe mwalimu wetu hubaki akipunga mikono mbele ya watu wasiosikiana. Hatulalamiki, maana huku kwetu mvua ni baraka. Lakini tulipokuwa tukitayarisha kijitabu hiki cha jubilei, swali moja lilizuka katika kamati: kabla ya mabati na vyuma kufika, watu waliotaka kuezeka nyumba kubwa ya ibada kwa kitu kisichooza wala kuliwa na mchwa walifanyaje? Jibu tulilipata pwani, na limetufundisha jambo kuhusu kanisa letu wenyewe.

Wajenzi wa miji ya Waswahili walitumia mawe ya matumbawe, wakayaunganisha kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Paa lao la kawaida lilikuwa tambarare: boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake yakapangwa mawe na chokaa. Boriti zina kikomo cha urefu na cha uzito zinaoweza kubeba, ndiyo sababu vyumba vingi vya nyumba za kale za pwani vina upana wa mita 3 hivi tu. Aliyetaka ukumbi mpana alilazimika kupanda nguzo nyingi ndani yake, au kujifunza kujenga paa la tao.

Paa la tao linasimamaje bila boriti? Tuliwaonyesha watoto wa shule ya Jumapili kwa mfano. Wawili walisimama wakitazamana, wakagusanisha viganja, kisha wakaegemeana huku kila mmoja akirudisha miguu nyuma. Walishikana vizuri mpaka miguu ilipoanza kuteleza. Ndipo wengine wawili wakaweka nyayo zao nyuma ya visigino vya wenzao, na wale wa kwanza wakatulia. Tao ni hivyo. Jiwe huvumilia kubanwa, lakini halivumilii kuvutwa wala kupindwa. Likipangwa kwa mviringo, kila jiwe humbana jirani yake, na uzito wote hushuka pande mbili hadi ukutani. Lakini uzito huo hausukumi chini peke yake, husukuma na nje pia. Ukuta usipokuwa mnene, au usipoegemezwa na nguzo za nje, utafunguka na paa litashuka.

Kazi yenyewe huanza na mbao. Mafundi hutengeneza jukwaa lenye umbo la tao, wakapanga mawe na chokaa juu yake kutoka pande zote mbili hadi yakutane katikati. Mpaka hapo tao bado ni mzigo wa mbao. Chokaa ikishakauka, mbao huondolewa, na hiyo ndiyo siku ya mtihani.

Mtihani huo hawakuufaulu wote. Kule Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, sehemu ya kale ya Msikiti Mkuu ilikuwa na dari tambarare. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua sana msikiti huo, akaiezeka sehemu mpya kwa kuba na matao. Baadaye sehemu hiyo iliporomoka. Katika karne ya 15 ikajengwa upya, safari hii juu ya nguzo za pembe nane zilizojengwa kwa mawe, na matao mengi ya wakati huo yamesimama hadi leo. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mfano wa pili ni kanisa. Mwezi Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar, akishinikizwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa la Mkunazini. Krismasi ya mwaka huo huo, misheni ya UMCA iliweka jiwe la msingi la kanisa juu ya uwanja ule ule. Ujenzi uliendelea kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1870, ukisimamiwa na Edward Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874. Ni yeye yule aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili na kufasiri Maandiko katika lugha hii tunayoimbia.

Askofu Steere aliamua kwamba paa liwe tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu na kufunikwa juu ya kuta. Hakupanga mawe makubwa yaliyochongwa. Alitumia vipande vya matumbawe vilivyochanganywa na saruji, yaani zege kabla zege halijawa jambo la kawaida huku kwetu. Watu wengi walisema litaanguka. Askofu alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu, chini ya paa lile lile. Halijaanguka mpaka leo.

Ndani ya kanisa hilo kuna nguzo ambazo wageni huonyeshwa kwa sababu zimesimamishwa kichwa chini. Huelezwa kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Wageni hucheka, nasi tulicheka tuliposimuliwa. Baadaye tukawaza: kosa la mafundi wale linakumbukwa, lakini majina yao hatutajiwi. Nani aliyeponda matumbawe? Nani aliyebeba zege kichwani hadi juu ya mbao, na nani aliyesimama chini siku mbao zilipoondolewa?

Swali hilo liliturudisha Kalama. Kanisa letu halina paa la tao, lakini kuta zake ni za mawe, na mawe hayo hayakutembea yenyewe. Mama zetu na nyanya zetu waliyabeba kwa migongo, mwethya baada ya mwethya, na maji ya kuchanganyia saruji wakayateka mtoni alfajiri kabla ya kwenda shambani. Jioni walifanya mazoezi ya kwaya. Tulipofungua vitabu vyetu vya kumbukumbu tulikuta majina ya wageni waheshimiwa, kiasi cha michango ya kila harambee, hata bei ya misumari. Orodha ya wabeba mawe hatukuikuta. Kosa hili si la mtu wa nje. Vitabu hivyo vimeandikwa na sisi wenyewe, makatibu wa kwaya hii, mmoja baada ya mwingine.

Baadhi ya mama hao wako nasi leo, wameketi viti vya mbele. Wengine tumewazika kwa nyimbo zetu. Kwa hiyo jubilei hii isiishie kwenye keki na sare mpya. Tumeweka daftari kwenye meza iliyo karibu na mlango. Ukitoka, andika jina la mama, baba, nyanya au babu yako aliyefanya kazi ya kujenga nyumba hii, na kazi aliyoifanya. Asiyeweza kuandika amwambie mwanakwaya yeyote naye atamwandikia. Majina hayo yatanakiliwa katika kitabu cha kwaya na kusomwa hapa kanisani mwaka wa jubilei utakapofungwa.

Tunaomba siku hiyo mvua isubiri kidogo, ili kila jina lisikike.