Haya madoa meusi yametoka wapi? Historia ya waridi letu (Sehemu ya 4)

Sehemu ya 3 niliishia pale nilipoahidi kuwasimulia kilichonipata mimi mwenyewe, nesi mzima, kwa sababu ya chupa ya soda. Nimeahirisha wiki mbili kwa aibu. Leo nasimulia, halafu tutasafiri mbali kidogo, hadi Uchina na Ufaransa, maana bila kufika huko huwezi kuelewa ile chupa ilifuata nini nyumbani kwangu.

Mbele ya nyumba yetu hapa Sumbawanga kuna waridi la manjano. Kijiti chake nilipewa na mama yangu mzazi, naye alikipata kwa masista aliokuwa akiwapikia kabla mimi sijazaliwa. Ni lile waridi unalolijua hata kama hulipandi: bua refu lililonyooka, ua moja kubwa juu yake, chipukizi limechongoka kabla halijafunguka. Ndilo wanalofunga kwenye karatasi ya nailoni siku za harusi. Aina hii huitwa haibridi tii, yaani chotara wa chai. Jina la ajabu, nitalieleza.

Mvua za mwaka juzi majani yakaanza kutoa madoa meusi ya mviringo, kingo zake kama wino uliomwagika kwenye karatasi. Jani linageuka njano kuzunguka doa, linadondoka. Kufika Februari mti umebaki vijiti. Jirani yangu akanihurumia, akanimiminia dawa iliyobaki shambani kwake, ile ya viwavijeshi wa mahindi, kwenye chupa ya soda. Nikapulizia. Iliyobaki nikaificha nyuma ya mlango wa stoo, nikasema kesho nitaitupa.

Mwanangu alikuwa na miaka mitatu. Unajua watoto na chupa ya soda.

Nilimkuta kifuniko kiko mkononi, mate yanamtiririka, jasho jingi, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mboni za namna hiyo nilishaziona kazini, kwa watoto wa watu wengine. Sikumtapisha. Sikumpa maziwa wala mafuta, ingawa bibi mmoja pale nje alipiga kelele nimpe. Nilimvua nguo zilizolowa, nikamsafisha ngozi kwa maji na sabuni, nikabeba ile chupa ili daktari ajue amekunywa nini, tukapanda bodaboda. Alilala wodini siku tatu akichomwa atropini. Alipona. Sasa hivi yuko chekechea na anajua kuandika jina lake, herufi moja tu anaigeuza.

Sasa sikia kilichoniuma kuliko vyote. Ile dawa haikuwa na kazi yoyote kwenye yale madoa. Madoa meusi ya waridi siyo mdudu, ni kuvu, hawa tunaowaita fangasi. Nilileta sumu ndani kwa ugonjwa ambao sumu ile haiutibu hata ukipulizia mwaka mzima. Ndipo nikaanza kusoma usiku nikiwa zamu: hivi huu ugonjwa umetoka wapi, na kwa nini unalipenda waridi letu kiasi hiki?

Zamani mawaridi mengi ya Ulaya yalitoa maua mara moja kwa mwaka, basi. Wiki chache za kiangazi chao, kisha unangoja mwakani. Wachina wao walikuwa nayo bustanini mawaridi yanayochanua tena na tena, karne nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1700 na mwanzoni mwa 1800 mawaridi hayo yakaanza kufika Ulaya kwa meli za biashara. Mwaka 1824 bwana John Parks alilipeleka London moja la manjano hafifu kutoka Uchina. Haya yakaitwa mawaridi ya chai. Wengine wanasema ni kwa harufu yake inayofanana na majani ya chai, wengine wanasema ni kwa sababu yalisafiri na meli za chai. Yalikuwa mazuri, yanachanua muda wote, ila baridi kali ya Ulaya iliyaua.

Basi Wazungu wakafanya kile anachofanya mfugaji yeyote wa Ufipa mwenye ng'ombe wa kienyeji mgumu na dume la maziwa. Wakachanganya. Mwaka 1867 Jean-Baptiste Guillot wa mji wa Lyon, Ufaransa, alitoa waridi la rangi ya waridi alilolipa jina 'La France', na wengi hulihesabu kuwa chotara wa chai wa kwanza. Na mfano wa ng'ombe sikuutunga mimi: Mwingereza Henry Bennett, mkulima, mwaka 1879 alitangaza mawaridi yake kumi kwa kutaja nasaba ya kila moja, baba nani na mama nani, kama mifugo. Kabla yake wengi walikuwa wanaachia nyuki wafanye kazi kisha wanaokota mbegu.

Lakini rangi moja iliwashinda. Walikuwa na nyekundu, nyeupe, za waridi, na manjano iliyofifia kama maziwa yenye chai kidogo. Manjano ya kweli, ile ya kiini cha yai la kienyeji, hawakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni waridi la porini la Asia ya Magharibi, ambalo wataalamu wanaliita Rosa foetida, maana yake waridi linalonuka. Jamani, fikiria kupewa jina hilo! Moja la jamii hiyo, lenye petali nyingi, lilifika Uingereza kutoka Iran miaka ya 1830.

Huko Lyon palikuwa na mtu mwenye subira aliyeitwa Joseph Pernet-Ducher. Miaka ya 1880 alianza kulichanganya lile waridi la Iran na mawaridi ya bustani. Mara nyingi halikuzaa. Miaka ikapita. Mwaka 1900 akatoa 'Soleil d'Or', Jua la Dhahabu, na kutoka hapo zikaja karibu rangi zote za manjano kali, chungwa na shaba unazoziona leo kwenye chotara wa chai. Waridi la mama yangu ni mjukuu wa kazi ya mtu huyu, au niseme kitukuu.

Tatizo ni kwamba mgeni hakuja na rangi peke yake. Kwao ni nchi kavu, jani halikai limelowa, kwa hiyo kuvu wa madoa meusi hakuwa adui wa kila siku na mmea haukuwa na kinga ya kutosha dhidi yake. Udhaifu huo ukarithiwa pamoja na rangi. Kadiri watu walivyoitaka manjano, ndivyo walivyousambaza ugonjwa, bustani hadi bustani. Sisi wa wodi ya wazazi tunaijua hesabu hii: mtoto harithi macho mazuri ya baba tu.

Nikae kidogo kwa Pernet-Ducher, maana usiku ule alinitoa machozi. Alikuwa na watoto wawili wa kiume aliotarajia wamrithi kazi, Claudius na Georges. Wote wawili waliuawa kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Vita hiyo hiyo ilifika kwetu: Kasanga, kule ziwani Tanganyika, Wajerumani walikuwa na boma walilolipa jina Bismarckburg, na Juni 1916 Waingereza wakaliteka. Vita ilipoisha, mzee alitoa waridi la manjano mwaka 1920 akaliita 'Souvenir de Claudius Pernet', kumbukumbu ya Claudius. Mwaka uliofuata akatoa la Georges. Mimi nilikaa siku tatu kando ya kitanda na mtoto wangu akarudi nyumbani. Yeye alibaki na mawaridi.

Waridi maarufu kuliko yote ya aina hii nalo lilizaliwa kwenye kelele za vita. Francis Meilland, Mfaransa mwingine, alilianza mwaka 1935: manjano, kingo za petali zina haya ya waridi. Ufaransa walilipa jina la mama yake, 'Madame A. Meilland'. Vijiti vilisafirishwa kwenda Marekani kabla mipaka haijafungwa, na tarehe 29 Aprili 1945 huko Pasadena, California, likapewa jina la 'Peace', Amani. Wakuu wa ujumbe waliokutana San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa walipewa ua moja moja.

Na ile sumu? Nayo ina historia yake, na inatisha. Mwaka 1936 mkemia wa Kijerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta dawa ya wadudu. Alipata kitu kikali mno hata jeshi likakichukua kiwe silaha ya gesi. Dawa nyingi za wadudu za jamii hiyo zinafanya kazi kwa njia ile ile: zinavuruga mawasiliano ya neva na misuli, mdudu anakakamaa, na mtoto anatoa mate, mboni zinasinyaa, anashindwa kupumua. Baada ya vita madawa ya kila aina, ya wadudu na ya kuvu, yakajaa madukani, na kupulizia waridi kukawa desturi ya kila wiki huko Ulaya na Marekani. Mimi naona hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa kuwa dawa ipo, wazalishaji wengi walichagua ua la kushinda maonyesho wakasahau jani. Siku hizi wanarudi nyuma. Ujerumani, tangu 1997, mawaridi mapya yanayoomba cheti cha ubora kiitwacho ADR hupimwa bila kupuliziwa dawa yoyote.

Sasa turudi Ufipa, maana mimi na wewe hatuna mche wenye cheti, tuna kijiti cha mama.

Kuvu huyu anahitaji jani libaki limelowa saa saba hivi ndipo aingie. Sisi huku juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, tuna Novemba hadi Aprili ya mvua na ukungu, halafu kiangazi kirefu na upepo wake. Maana yake ni kwamba nusu ya mwaka tunapumzika naye, yeye anangoja kwenye majani makavu yaliyodondoka chini na kwenye matawi yenye makovu. Kwa hiyo kazi kubwa siyo ya Januari madoa yameshaenea. Ni ya Agosti hadi Oktoba. Baridi ya Julai ikipungua napogoa hadi chini ya goti, nakata juu ya jicho linalotazama nje ili katikati upepo upite, natoa matawi membamba yote. Kabla ya mvua za kwanza nafagia kila jani chini yake na kulichoma, silitupi kwenye mbolea. Maji namwagilia shinani, asubuhi, kamwe siyo juu ya majani jioni. Na ule mche uliokuwa umebanwa na ukuta niliuhamishia palipo na jua na nafasi ya mita moja pande zote.

Chakula cha mti, hilo Wafipa hatuhitaji kufundishwa na Lyon. Uwanda wetu ni wa nyasi, miti michache, hatukuwa na matawi ya kuchoma tupate majivu kama majirani zetu Wabemba. Wazee wetu walizika nyasi. Mvua zikielekea kuisha walilima matuta ya mviringo, intumba, nyasi ndani udongo juu, wakapanda maharage. Msimu uliofuata nyasi zimeoza, wanalibomoa tuta na kulisambaza, wanapanda ulezi. Mama yangu alinionyesha kwa jembe, hakusema neno. Waridi linapenda udongo wa namna hiyo, mzito kidogo, wenye vitu vilivyooza. Mwaka jana nilifanya intumba ndogo pembeni ya ukuta, nikachanganya na samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi sita, Septemba nikaisambaza kuzunguka shina bila kuligusa.

Kwa yule dada aliyeniuliza dawa gani anunue: kama madoa ni meusi na hakuna mdudu unayemwona, dawa ya viwavijeshi usiiguse. Kama ni lazima ununue ya kuvu, nunua ndogo kabisa, ibaki kwenye chupa yake yenye maandishi, ifungiwe juu kwa kufuli. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe, usimpe kitu chochote, mvue nguo zenye dawa na umsafishe huku wewe ukijikinga mikono, beba chupa, kimbia kituo cha afya kilicho karibu. Usingoje dalili.

Mvua hizi sijapulizia kitu. Madoa yapo, majani ya chini yamedondoka, ya juu yameshika, na leo asubuhi nimehesabu maua manne. Moja mwanangu amempelekea mwalimu wake, nikalitoa miiba kwanza.

Miiba na pepopunda, Jumapili ijayo.