Utunzaji wa macho Miasenyi na nyika ya Voi

Miasenyi ni kituo cha njiani katika barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, kati ya Mackinnon Road na Maungu, kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya. Tangu 2017 jina lake limo pia katika ratiba ya treni ya SGR, ile ya kusimamasimama. Nchi inayokizunguka ni nyika ya Taru: vichaka vya miiba, udongo mwekundu, mvua haba, na jua lisilo na mzaha. Riziki hutafutwa kwenye mifugo, vibanda vya kando ya barabara, vibarua vya ranchi na machimbo ya vito. Nchi ya namna hiyo na kazi za namna hiyo hazikosi namna ya kudhuru jicho, na mengi ya mashauri yaliyozoeleka, yale ya kupumzisha macho mbele ya kompyuta, hayamfai sana mchungaji wala fundi wa kuchomelea vyuma.

Dawa ya kwanza ya macho huku ni maji. Kusini mashariki mwa Kenya wapo swila wanaotema sumu: swila mwekundu wa nyika kavu, na yule mkubwa wa kahawia ambaye wanasayansi walimtenga kuwa spishi ya peke yake mwaka 2007 na kumwita Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu. Swila hulenga uso. Sumu ikiingia jichoni huchoma vikali na huweza kuchubua konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hadi ikaacha kovu na upofu. Tiba yake huanzia palepale porini: kuosha jicho kwa maji mengi, kope zikiwa zimefunuliwa, kwa dakika 15 au zaidi, kisha safari ya hospitali. Mchungaji asiye na maji anaweza kutumia maziwa, kwa kuwa kinachotakiwa ni kimiminika chochote kisicho na ukali. Utomvu wa mnyaa, mmea unaopandwa sana kuwa ua wa boma, nao huoshwa vivyo hivyo, na chokaa ya ujenzi pia, ila chokaa huendelea kuunguza, kwa hiyo muda wa kuosha uzidi, na chembe zake ziondolewe chini ya kope. Ni kejeli ya mahali hapa kwamba bomba linalotoa maji kwenye chemchemi za Mzima hadi Mombasa hupitia Voi na Maungu, na bado madumu matupu ni jambo la kawaida.

Maji yakikosekana au yakipuuzwa, mgonjwa huishia duka la dawa. Hapo ndipo ajali nyingi za macho hugeuka kuwa msiba, kwa sababu chupa ndogo za matone hufanana sana kwa sura na hutofautiana mno kwa kazi. Mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1 ni antibayotiki. Ndiyo yanayopakwa macho ya watoto wachanga hospitalini ili kuwakinga na maambukizi ya wakati wa kuzaliwa. Machozi bandia hayatibu ugonjwa wowote wa kuambukiza, bali hulainisha jicho lililokaushwa na upepo. Kundi la tatu ni lile lenye steroidi, kama deksamethasoni na betamethasoni, mara nyingi likiwa limechanganywa na antibayotiki ndani ya chupa moja. Hilo hupendwa kuliko yote kwa kuwa wekundu huondoka upesi, na mnunuzi hurudi kuisifu dawa hiyo kwa jirani.

Steroidi hutuliza wekundu kwa kuzima ulinzi wa mwili. Chukua mfano wa mkata mkonge. Teita Sisal Estate ya Mwatate hutajwa miongoni mwa mashamba makubwa ya mkonge duniani, na kila jani la mkonge huishia kwenye mwiba mgumu mweusi. Jicho likichomwa na mwiba au kukwaruzwa na jani, vimelea vya kuvu huweza kuingia pamoja nao. Matone ya steroidi yakifuata, kuvu hustawi bila kipingamizi, konea hufanya kidonda, na kufikia siku ambayo mgonjwa anapanda gari kwenda hospitali huenda hakuna kilichobaki cha kuokoa. Hata bila jeraha, steroidi zikitumiwa kwa miezi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kwa hiyo chupa ya aina hiyo isinunuliwe bila cheti cha daktari, na jicho lililochomwa na mmea halitibiwi dukani.

Si kila jicho jekundu ni la kukimbiliwa. Mlipuko wa macho mekundu uliopiga Pwani ya Kenya mwanzoni mwa 2024, sambamba na ule wa Dar es Salaam, ulisababishwa na virusi, ambavyo antibayotiki haiviwezi. Wengi wa namna hiyo hupona ndani ya wiki moja au mbili kwa kunawa mikono, kutochangia taulo na kukanda macho kwa kitambaa safi chenye maji baridi. Kukamulia jichoni maziwa ya mama, mkojo au maji ya majani huongeza vijidudu pale ambapo vipo vya kutosha. Maumivu makali, kuona ukungu, kushindwa kuvumilia mwanga, doa jeupe kwenye konea, au wekundu wa jicho la mtoto mchanga: hizo ni dalili za kuondoka siku hiyohiyo.

Dawa ikishaandikwa, namna ya kuitia ina kanuni zake. Mikono hunawiwa, kope ya chini huvutwa, tone moja hudondoshwa bila ncha ya chupa kugusa jicho, kisha jicho hufumbwa na kona ya upande wa pua kubanwa kwa dakika moja au mbili. Kama dawa ni mbili, zipishane kwa dakika 5. Chupa nyingi zikifunguliwa hufaa kwa wiki 4 tu, hata kama tarehe iliyochapishwa iko mbali.

Miwani ya kazi ingefanya nyingi ya hadithi hizi zisitokee kabisa, lakini ni nadra kuiona machoni. Wachimbaji wa vito upande wa Kasigau na Kuranze, nchi ya tsavorite ya kijani, hupasua mwamba huku macho yakiwa wazi. Fundi wa kuchomelea asiyevaa kinga haumii papo hapo. Maumivu humjia saa kadhaa baadaye, usiku, kama mchanga uliomwagwa machoni. Dereva wa bodaboda naye hununua miwani nyeusi steji kwa ajili ya vumbi. Weusi wa kioo si kinga: kioo cheusi kisichochuja mionzi ya urujuanimno hupanua mboni na kuikaribisha mionzi ndani. Alama ya kutafuta ni UV400, ingawa alama nayo hughushiwa, na kofia pana husaidia bila shaka yoyote. Jua, upepo na vumbi la miaka mingi huotesha kile kinyama cha umbo la bawa kinachotambaa kutoka upande wa pua kuelekea mboni. Kikiwa kidogo huachwa. Kikikaribia kuziba mboni hukatwa, na hata hivyo huweza kurudi.

Kitu kilichodharauliwa kuliko vyote katika meza ya mchuuzi ni miwani ya kusomea. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa, na mtu huanza kusogeza simu mbali ili asome ujumbe wa M-Pesa. Huo si ugonjwa. Miwani ya +1.00 hutosha mwanzoni, na kufikia miaka ya sitini wengi huhitaji +2.50 hivi, nayo hupimwa kwa kusoma maandishi madogo kwa umbali wa mkono uliokunjwa kidogo. Faida yake imepimwa kwa fedha. Huko Assam nchini India, utafiti uliochapishwa 2018 uliona wachuma majani ya chai waliopewa miwani wakiongeza mavuno kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wasiopewa, na mwaka 2024 utafiti wa Bangladesh ulionyesha mapato yakipanda kwa theluthi moja. Mshona nguo, mchagua pojo na mganga wa zahanati wamo katika hesabu hiyohiyo.

Miwani ya mezani haisaidii mtoto wa jicho wala glaukoma. Glaukoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hula uoni wa pembeni kimyakimya na kilichopotea hakirudi, hivyo ndugu na watoto wa mgonjwa wapimwe hata kama wanaona vizuri. Rufaa ya kaunti ni hospitali ya Moi mjini Voi. Kwa upasuaji wa macho wengine huteremka Mombasa, kwenye Lighthouse for Christ, au Kwale, kwenye kituo cha macho kilichoanzishwa 1993. Watu wa Taveta wana KCMC ya Moshi ng’ambo tu ya mpaka. Upasuaji wa mtoto wa jicho hufanywa kwa ganzi, mara nyingi chini ya nusu saa, na lenzi ya plastiki hupandikizwa, kazi iliyoanza London mwaka 1949 kwa mkono wa Harold Ridley.

Kwa watoto, matone ya vitamini A ya kumeza hutolewa kila miezi sita kuanzia miezi 6 hadi miaka mitano, na mchicha, papai na embe huendeleza kazi hiyo nyumbani. Darasani tatizo kubwa ni kutoona ubao, na mtoto hawezi kulalamikia asichowahi kukijua. Katika utafiti wa shule 50 za Trans Nzoia, walimu wa nusu ya shule hizo walipewa simu zenye programu ya Peek ya kupima uoni, na wazazi wakatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha asilimia 54 ya watoto waliogunduliwa wakifika hospitali, dhidi ya 22 kwa utaratibu wa zamani wa barua.