Abila na Shiku Wakipita Kibera

Kuna Kibera moja ambayo dunia nzima inaijua: mabati yenye kutu, mtaro, mtoto pekupeku, na reli ikipita katikati. The Constant Gardener ilipigwa picha huko, ikatoka 2005, na Rachel Weisz akapata Oscar. Kibera yenyewe ikabaki pahali pa mgeni kuja kuhuzunikia.

Kwa hivyo Soul Boy ilipotoka 2010 sikuitarajia makuu. Niliambiwa kuna Mjerumani, Tom Tykwer, anayewalea wasanii wetu, na kuna warsha. Sisi wa Kawangware warsha tunazijua: chai, mandazi, picha ya pamoja, kisha kila mtu na kwao. Niliitazama kwenye kibanda cha video, kati ya watu waliozoea DJ Afro awasimulie muvi za mapigano.

Hadithi ni nyepesi, kama ya saa moja hivi. Abila, kijana wa miaka 14, anamkuta baba yake hoi, akisema roho yake imeibwa. Anamwendea Nyawawa, naye anapewa majukumu saba. Anayemsaidia ni Shiku. Majina hayo Mkenya hahitaji kufafanuliwa: Abila ni Mjaluo, Shiku ni Mkikuyu.

Hapo ndipo donge lilinikaa kooni.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini, kwa hesabu ya Tume ya Waki. Vijana waling'oa reli Kibera. Huko na hata kwetu Kawangware, jina tu lilitosha kukuponza. Majirani wa miaka mingi walihama usiku wamejitwika magodoro. Tarehe 28 Februari 2008 Kibaki na Raila walitia sahihi mkataba, wakashikana mikono mbele ya kamera. Vichochoroni hatukuona mtu akija na kalamu.

Na sasa hawa watoto wawili wanapita vichochoro vilevile, wanaongea Kiswahili cha mtaa, wana haraka zao. Mkurugenzi Hawa Essuman na mwandishi Billy Kahora hawakusimama kutuhubiria amani. Walichukua nyawawa, pepo ambao watu wa kando ya Ziwa Viktoria hupiga sufuria na mabati kuwafukuza, wakampa Shiku kazi ya kumshika mkono rafiki yake ndani ya hofu hiyo. Hofu ya Wajaluo, na Mkikuyu mdogo akaibeba kama yake.

Kwa Kibera hilo si jambo geni. Hata jina lake limetoka kwa Wanubi, askari wa King's African Rifles waliowekwa hapo mapema karne ya 20, wakapaita Kibra, yaani msitu. Wajaluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu walikuja baadaye, wengi wao wapangaji. Kila anayesema anaishi Kibera anatamka neno la Wanubi, ajue asijue.

Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware iliwaka tena. Muvi haizimi moto, ati. Lakini kwenye kile kibanda, Mjaluo, Mkikuyu na Mluhya tulibanana kwenye benchi moja tukimwombea baba mmoja arudishiwe roho yake, na hakuna aliyeitishwa kitambulisho.