Alama ya Mbio Inapokosekana

Katika kanuni za mbio za matanga zinazotolewa na World Sailing na kupitiwa upya kila baada ya miaka 4, kanuni ya 34 ni fupi sana, lakini ndiyo inayozihusu klabu ndogo zenye boti moja la kamati na watu wanaojitolea. Inahusu boya la kuzungukwa ambalo halipo au limehama wakati mashua ziko mbioni. Kamati, ikiwezekana, ilirudishe mahali pake au iweke jingine linalofanana nalo. La sivyo, isimamishe hapo kitu kilichopandishwa bendera M na kupiga honi mfululizo. Mara nyingi kitu hicho huwa ni boti la kamati lenyewe, na mashua hulizunguka kama ambavyo zingelizunguka boya. Kile kinachozungukwa, ambacho Kiingereza hukiita mark, sisi tumezoea kukiita boya. Kwa mazungumzo ya ufukweni neno hilo linatosha. Katika maandishi ya mashindano halitoshi, na ninapendekeza tuseme alama ya mbio.

Boya ni kifaa: kinaelea, kina amari na nanga. Alama ya mbio ni wadhifa ambao kifaa hupewa. Kanuni zenyewe zinaifafanua alama kuwa ni kitu ambacho maelekezo ya mbio yanaitaka mashua ikiache upande uliotajwa, kisha zinaongeza chombo cha kamati kinachoshika ncha ya mstari wa kuanzia au wa kumalizia. Chombo chenye waamuzi na mlingoti hakiitwi boya na yeyote aliyekulia pwani. Tena ufafanuzi huo unaitenga kamba ya nanga: si sehemu ya alama, kwa hiyo mashua inayoipapasa amari chini ya maji haijagusa alama wala haidaiwi adhabu. Anayeongozwa na neno boya atabisha, maana boya analolijua yeye lina kamba yake. Wafaransa wana neno la boya, lakini katika kanuni huandika marque. Wajerumani husema Bahnmarke, yaani alama ya njia. Waitalia wametosheka na boa, yaani boya, na mbio zao zinakwenda, nakubali, ila hilo halitulazimishi kuwafuata.

Tofauti hii inaonekana vizuri zaidi katika maji yetu. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, wakati wa bamvua, maji yaliyojaa huyapita yaliyokupwa kwa mita 3 hadi 4. Boya lililotiwa nanga maji yakiwa yamekupwa, kwa kamba iliyopimwa kwa kina cha saa ile, litainyanyua nanga maji yakijaa, na mkondo utalichukua. Ukiirefusha kamba sana, boya litatangatanga kwenye duara pana, na anayefika mwisho hatalikuta pale alipolikuta wa kwanza. Kwa hiyo mara nyingi boya halijapotea hata kidogo. Linaonekana, tena lina rangi ya kung'aa, ila linaelea mahali pasipo pake. Hapo boya lipo na alama haipo. Ndiyo sababu neno kupotea nalo linapotosha: linawatuma watu kulifukuza boya wakati kazi ya kwanza ni kuiziba nafasi iliyoachwa wazi. Kukosekana ndiko hasa kunakolengwa.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba alama kwetu ni maksi, na mashindano ya matanga huhesabiwa kwa maksi. Tangazo la alama iliyokosekana linaweza kumfanya mshindani adhani amenyimwa matokeo. Ndiyo maana sipendekezi alama peke yake bali alama ya mbio, na matokeo yaachiwe neno pointi, ambalo watangazaji wa michezo wamekwisha kulizoeza masikioni. Alama ya njia nayo ingefaa, kama isingechanganyika na maboya yanayoonyesha mlango wa bandari. Wengine watasema washindani wetu ni wapenzi tu wa mchezo, na wazee wa klabu wanaweza kuamua papo hapo. Lakini uamuzi wa papo hapo humpendelea aliye mbele, kwa kuwa yeye ndiye aliyekwisha kugeuza tanga. Kanuni zina ngazi zake: alama ikishindikana kurudishwa, kamati inaweza kufupisha njia au kuivunja mbio, na kama mashua ya kwanza imekwisha kumaliza, haitaivunja kabla ya kupima athari kwa mashua zote. Nahodha anayedai nafuu, naye, inampasa aonyeshe kwamba kamati ilitenda isivyopasa au iliacha kutenda lililopasa, kwamba nafasi yake imeharibika kwa kiasi kikubwa, na kwamba kosa si lake. Hoja hiyo haisikilizwi vizuri pale ambapo karatasi ya maelekezo haikutenganisha boya na alama.

Basi wanaoandika maelekezo ya mbio kwa Kiswahili wayaingize maneno haya: “Alama ya mbio ikikosekana au ikihama, chombo chochote cha kamati chenye bendera M kinachopiga honi mfululizo ndicho alama ya mbio, kizungukwe upande uleule.”