Mcheza kwao hutunzwa, lakini acheze wapi?

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakuona haja ya kutaja mahali pa kuchezea, kwa kuwa zama zao kila kijiji kilikuwa na uwanja wake. Mjini mambo ni mengine. Mjini ardhi ina bei, na kipande kisichojengwa huhesabiwa kuwa kinangoja mwenyewe. Kwa hiyo leo natupia macho historia ya uwanja mmoja wa Dar es Salaam, nao ni Mnazi Mmoja. Una somo kwa kila anayesema anataka kuboresha maeneo ya wazi.

Wengi tunapita hapo kila siku bila kujiuliza uwanja ule ulitoka wapi. Ukweli ni kwamba ulizaliwa kwa nia isiyo njema. Wajerumani ndio walioanza kuugawa mji kwa kanuni za ujenzi, na kufika mwaka 1914 walikuwa na mpango wa kanda tatu. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na baada ya vita wakaufuata mpango huo. Ukanda wa kwanza ulikuwa wa nyumba za Kizungu. Wa pili ulikuwa wa maduka na makazi, wengi wao Wahindi. Wa tatu ulikuwa wa nyumba za Waafrika, yaani Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps. Katika makaratasi, kipimo kilikuwa aina ya nyumba. Mitaani kila mtu alijua kuwa kipimo ni rangi.

Kati ya ukanda wa pili na wa tatu ukatakiwa uwepo uwazi. Katika miaka ya 1920 Waafrika waliokuwa na nyumba hapo wakahamishwa. Sababu iliyotolewa ni afya, eti maradhi yasivuke kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Basi ndivyo tulivyoupata uwanja: ulikuwa ukuta uliojengwa kwa hewa tupu.

Lakini mtawala hupanga lake na wananchi hupanga lao. Wakazi wa Kariakoo walikuwa na vyumba vidogo na nyua finyu, na mbele yao upo uwanja mpana. Wakautumia. Vijana walicheza kabumbu, ngoma zilipigwa, maulidi yalisomwa. Haikuwa rahisi, kwa maana kanuni za miji za Waingereza zilitaka ngoma iombewe kibali. Hata hivyo mahali palipokusudiwa kutenganisha watu pakawa ndipo wanapokutana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukajengwa pembeni ukumbi wa Arnautoglu, kwa fedha za mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa na jina hilo, na shughuli za starehe na elimu zikapata paa.

Sasa sikiliza jinsi utamaduni unavyozaa mengine. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa katika jengo lililokuwa barabara ya New Street, leo Lumumba, inayopakana na uwanja huo huo. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma, alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama. Alianzia wapi? Alianzia kwa wenzake, viongozi wa vikundi vya ngoma, waliokuwa wamekwisha kujenga mtandao, viongozi na kuaminiana. Wanawake wakajiandikisha kwa maelfu. Asiyeona faida ya watu kukutana na kuimba pamoja, na aitafakari habari hiyo.

Kwa nini Mnazi Mmoja ulifaa? Mimi naona mambo matatu. Kwanza, ulikuwa karibu na nyumba za watu, hata mama mwenye mtoto mgongoni aliufikia kwa miguu. Pili, hapakuwa na kiingilio. Tatu, haukuwa wa jambo moja tu: leo mpira, kesho maulidi, keshokutwa mkutano.

Mambo hayo matatu ndiyo husahaulika pindi tunapotangaziwa kuwa uwanja fulani utaboreshwa. Unazungushiwa seng'enge, linawekwa geti, anakaa mlinzi, na mwishowe inatajwa bei ya kukodi. Uwanja unapendeza, lakini kikundi cha ngoma cha mtaani hakina fedha hiyo. Ubora wa namna hiyo ni sawa na kumnunulia mtu viatu kisha ukamkataza kutembea. Uwanja unataka miti ya kivuli, maji, vyoo, taa za usiku na mahali pa mama lishe kuweka jiko lake. Zaidi ya hayo unataka wanaoutumia waulizwe kabla fundi hajaitwa.

Na huo ni uwanja uliobahatika kubaki. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 128,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Je, maeneo ya wazi yameongezeka kwa kiasi hicho? Jibu mnalo. Katika mitaa mingi kiwanja cha watoto kimebaki katika ramani tu, na juu yake yamesimama maduka, gereji au nyumba ya mtu. Kila kipande kinapomegwa hatusikii kelele, kwa vile hakuna anayefukuzwa. Tunakuja kushtuka siku ya msiba, tunapofunga barabara ili tupate pa kuweka turubai.

Mkoloni alitenga uwazi ili atugawanye, nasi tukaugeuza kuwa wa kutuunganisha. Itakuwa aibu iwapo sisi wenyewe, bila kulazimishwa na yeyote, tutaumaliza. Kila mtaa uulize leo: kiwanja chetu kiko wapi, na hati yake anayo nani?